Vijito Vitatu vya Kwetu

Juzi hapa Eagan, mji wa ugenini ninakoishi, mzee jirani yangu alinionyesha picha ya kijiji cha babu zake huko Ucheki: bwawa, kanisa, kilima. Historia ya kila nyumba aliijua. "Na chenu kikoje?" akaniuliza.

Nikakumbuka alasiri moja kijijini kwetu, Kongo, harufu ya nyasi zilizoungua imetanda. Baba alinizungusha mipakani, akaninywesha maji ya kila kimoja cha vijito vyetu vitatu.

"Taja jina lake, mwanangu. Babu zako walianzia hapa."

Nilidhani ananiadhibu kwa ajili ya mbuzi niliyempoteza asubuhi. Nikayataja majina huku nimenuna.

Ubaridi wa maji yale ungali kinywani mwangu. Majina sikuyashika, na baba hayupo nimuulize. Kosa ni langu.

"Maji yetu yalikuwa matamu," nikamjibu jirani, nikamrudishia picha yake.