Bangi Yetu Hupanda Ndege

'M'e 'Malikopo (kwetu 'M'e ni mama, Ntate ni baba) tunakaa naye meza moja shambani, tunapunguza majani kwenye maua ya bangi kwa mikasi midogo. Kopo likijaa linapanda ndege kwenda kwa wagonjwa wa Ulaya. Mumewe, Ntate Khoabane, ana saratani ya tumbo. Amelala kijijini, mwendo wa nusu saa kutoka meza yetu, na mwezi wa tatu sasa chakula hakikai tumboni.

Mwanangu namwachia mama mkwe wa 'Malikopo mchana, ndiyo maana nimeyaona haya.

Daktari alisema mafuta ya bangi yangempa hamu ya kula, na maumivu yangepungua, ila hospitali haina ruhusa ya kuyatoa. "Lete barua ya chifu," karani wa hospitali akamwambia 'Malikopo. Chifu alikuwa ameishiwa karatasi. Akaandika nyuma ya fomu ya kibali cha ng'ombe, akagonga muhuri. Karani akasoma upande wa mbele.

"Mnyama ana rangi gani, 'M'e?"

"Ni mume wangu."

"Hapa pameandikwa mnyama."

"Geuza, kaka. Geuza!"

Akageuza, akasoma taratibu, akasema muhuri umegongwa upande usiofaa.

'Malikopo akarudi kwa chifu. Safari ya pili karani yuko mazishini. Ya tatu, barua ni nzuri, lakini kibali hutoka wizarani. Wizarani wakasema fomu bado hazijachapishwa. Akamwomba meneja wetu. Naye, kwa upole kabisa, akasema leseni yao ni ya kuuza nje tu.

"Kwa hiyo nimtie Ntate kwenye boksi nimpandishe ndege?" 'Malikopo aliniuliza, mkasi unalia kacha kacha. "Akifika huko watampa hii niliyoikata mimi!"

Nilicheka. Kisha nikaona amekata ua zima katikati.

Jumapili mama mkwe alichoka kusubiri. Akatoa mfuko wa bangi kavu ya milimani, ile Ntate Khoabane aliyokuwa akimchemshia farasi wake akikohoa, akaibandika jikoni na maziwa. Mimi nilisimama nje, mtoto mgongoni.

"'M'e, hiyo si ya farasi?"

"Farasi hakuombwa barua."

Nyumba ikanuka hadi mablanketi. Ntate akanywa, akalala. Alipoamka akaomba uji mchachu wa mtama, akamaliza bakuli, na uji ukakaa. 'Malikopo alibaki ameshika lile bakuli tupu kama mtu aliyepewa mtoto mchanga.

Sasa, sisi hukaguliwa tukitoka. Tunavua nguo, tunaoga, mbwa anatunusa, jani lisitoke. Kuingia hakujawahi kuwa na neno. Jumatatu mbwa akaketi mbele ya 'Malikopo akiwa bado nje ya geti.

"'M'e, unanuka bangi," askari akasema.

"Na humo ndani mnanuka nini, kabichi?"

"Ya humu ina leseni."

Akasimamishwa siku tatu. Nilidhani atalia, au atamrukia mtu. Akafunga blanketi vizuri kifuani.

"Una mtama nyumbani, mdogo wangu?"

"Upo."

"Basi niazime. Siku tatu nitampikia asubuhi, mchana na jioni. Wakimtafuta mwizi, waje wanuse bakuli."

Akateremka mlima. Mimi nikaingia, nikakaa karibu na kiti chake. Kopo lake lilibakiza kidogo tu lijae. Nikalijaza, wakaja kulichukua.