Mama Alisikia Soûle

Filamu iliyoanzisha yote tuliiona Jumapili mchana, nyumbani kwa binamu yangu, Saint-Gilles, Ubelgiji, katika fleti ya juu ambako treni ikiingia stesheni ya Midi vikombe vilitetemeka kabatini. Ilihusu vijana wa Ireland, wazungu maskini wasio na kazi, wanaoishi kwenye majumba ya serikali, wakaamua kuunda bendi ya soul, ule muziki wa watu weusi wa Amerika. Mazungumzo yalikuwa yamegeuzwa Kifaransa, lakini nyimbo ziliachwa na Kiingereza chao, na kati yetu hakuna aliyejua Kiingereza hata cha kuombea maji. Haidhuru. Tulikodoa macho mpaka mwisho.

Tulikuwa watatu. Mimi na binamu, watoto wa Lubumbashi, na kijana mmoja wa Bukavu aliyepiga gitaa kanisani kwetu. Huyu alifika Ubelgiji akiwa mkimbizi, na wakati huo alifanya kazi kwenye ghala la samaki wa barafu. Ukimpa mkono, hata mwezi wa saba, wakati wa joto la huko, ulijuta kwa baridi. Filamu ilipoisha alisimama mbele ya televisheni akaizima.

"Bon," akasema. "Bazungu maskini banaimba muziki ya bantu beusi. Na siye bantu beusi, tunaimba nini kila Siku ya Mungu? Nyimbo za bazungu. Donc kuna muntu alichanganya sahani."

Binamu alicheka hadi akamwaga chai kwenye kochi. Mwenzetu hakucheka. Juma lililofuata alikuwa ameshapata mahali pa mazoezi, chumba cha chini ya ardhi cha saluni moja ya Ixelles, na mwanafunzi wa Kolwezi wa kupiga ngoma. Chumba kilinuka dawa ya kunyoosha nywele. Ukivuta pumzi ndefu kabla ya kuimba, unakohoa kwanza.

Niliimba mimi. Naisema bila haya: nilikuwa na sauti. Mama yangu aliongoza kwaya kule Lubumbashi, na yake ilikuwa safi kama maji ya mtungi. Yangu haikuwa hivyo. Ilikuwa nzito, na chini kabisa ilikuwa na mkwaruzo, kama mtu anakwangua ukoko wa sufuria. Kanisani waliniambia, dada, taratibu, unafunika wenzako. Chini ya saluni niliambiwa niiachie. Nikaiachia.

Miaka ile nilikuwa nasafisha ofisi, na nilikuwa nimekufa ganzi. Watu husema huzuni, upweke, hamu ya nyumbani, wapi! Hayo yote ningeyatambua. Mimi nilikula bila kusikia chumvi. Nilipanda basi nikapitiliza kituo, nikashuka, nikarudi kwa miguu, na wala sikukasirika. Mtu akinichekesha nilicheka kwa adabu. Ni kwenye chumba kile tu ganzi ilikuwa ikiachia kidogo, hapa kooni. Nikipanda ngazi kutoka, inarudi mahali pake.

Sasa lile neno. Kwa Kifaransa, soul ya muziki hutamkwa sawasawa na soûle, yaani mwanamke aliyelewa. Anayesoma ataona tofauti. Anayesikia kwa simu, Lubumbashi, laini inakatikakatika, atasikia nini?

Kulikuwa na maman mmoja wa kanisa letu aliyewahi kusali parokia moja na mama. Siku moja akampigia kumsalimu, na kwa moyo mweupe kabisa akanisifu. Baadaye alinisimulia mwenyewe, mikono kichwani.

"Mutoto yako anaimbaka, maman, wee acha tu!" alimwambia. "Eko na groupe. Banaimba musique soul."

"Musique soûle?"

"Eeh, soul! Bazungu banapendaka sana."

Basi. Akanimaliza kwa sifa.

Ili uelewe kilichompata mama, lazima umjue baba. Baba aliachishwa kazi mgodini, akaanza kunywa lutuku, ile pombe kali ya kupika uani, mpaka ikamzika. Mama ndiye aliyekuwa akimwokota, akimwogesha, na kila asubuhi akisikiliza viapo vyake kwamba hajaonja hata tone. Kwa hiyo alipoambiwa binti yake yuko Ulaya anaimba muziki wa kulewa, na wazungu wanashangilia, hakuuliza swali la pili.

Jumamosi nikapiga simu kama kawaida. Simu ilikaa na kaka yangu mkubwa, ambaye kwetu tunamwita yaya.

"Yaya, nipe mama."

Nikasikia kandambili zake zikienda, minong'ono, kandambili zikirudi.

"Anasema hana mutoto mulevi. Alizika mulevi moja, inatosha."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha wao. Nikacheka peke yangu, kwa sababu upande wa pili hakuna aliyecheka.

"Mwambie sinywi!"

Kandambili zikaenda, zikarudi. "Anasema papa pia alisemaka hivyo."

Hapo ndipo mlango ulipofungwa, na ufunguo ukabaki ndani. Kila nilipokana, nilikuwa baba tupu. Nikiapa, baba aliapa pia. Nikilia, baba alilia kuliko wote. Yaya alikuwa akienda na kurudi na kandambili zake mpaka nikamhurumia.

"Mweleze vizuri," nikamwambia mara nyingine. "Soul ni Kiingereza. Maana yake ni roho. Muziki ya roho."

Akaenda. Akarudi. "Anauliza, roho gani? Iko na jina?"

Eh Mungu wangu! Kwa mama, roho isiyo na jina hufukuzwa kwa maombi na kufunga. Mpiga gitaa wetu, aliyejiona mjuzi wa mambo ya dini, akanishauri nimkumbushe kwamba hata mitume, siku ya Pentekoste, watu walisema wamelewa. Nikamtuma yaya na hilo. Jibu lilirudi haraka: "Anasema basi uanze kunena kwa lugha." Yaya mwenyewe alishindwa kujizuia, akacheka mpaka laini ikakatika.

Nikaona bora asikie kwa masikio yake. Tulirekodi wimbo mmoja mazoezini, nikampa kaseti msafiri aliyekuwa akienda Lubumbashi. Yaya alimkalisha mama kitini, akaweka redio katikati ya uwanja, na majirani wakaja. Mama alisikiliza gitaa, akasikiliza ngoma, ametulia. Nilipoingia mimi akanyoosha kidole.

"Zima," akasema. "Hiyo njo sauti ya papa yake, ya asubuhi. Sauti ya pombe hiyo."

Yaya alinieleza bila kutia chumvi, kwa sababu hakuhitaji. Majirani waliitikia kwa vichwa. Na mimi, nikisikiliza, nikajiuliza kama mkwaruzo ule kweli nilirithi kwa baba. Inawezekana. Sikuwahi kumsikia baba akiimba, nilimsikia akiomba msamaha tu.

Bendi yetu ilipanda jukwaani mara moja tu, kwenye harusi, katika ukumbi wa Koekelberg. Tulikuwa tumeandaa nyimbo za kutosha, tukapiga tatu. Wageni walitutazama kama watu waliokaa kwa daktari wanangoja kuitwa. Baada ya wimbo wa tatu, mzee mmoja, tonton mwenye suti inayong'aa, alinijia taratibu, akanishika bega.

"Mutoto yangu, ni muzuri, ni muzuri sana. Alors, rumba iko?"

Rumba haikuwako. Wakaweka diski, ukumbi mzima ukasimama kucheza, na sisi tukapewa sahani za kuku. Vijana wa kwenye filamu walivunja bendi yao kwa kugombana. Sisi hatukugombana hata. Mpiga gitaa alipata kazi bora Liège, mwanafunzi akawa na mitihani, saluni ikauzwa. Tuliacha tu kukutana.

"Mwambie mama bendi imekufa," nikamwambia yaya.

Kandambili. "Anauliza, sasa unakunywea wapi?"

Nikaacha kujitetea. Nikaacha na kuimba. Kanisani nilisimama na wenzangu, nikafungua mdomo wakati wa kufungua na kufunga wakati wa kufunga, na hakuna aliyegundua. Ganzi ilikuwa imechukua na koo. Nilipata kazi kwenye nyumba ya wazee, Koekelberg, nikawa naogesha bibi na babu za watu, nawakausha katikati ya vidole, nawavalisha soksi. Walinipenda, kwa sababu sikuwa na haraka wala sikuwa na neno. Binamu aliolewa akahama. Simu zikawa nzuri, za kupiga picha. Yaya alinitumia picha za Krismasi, na kila picha mama amegeuka, naona kitambaa chake cha kichwa tu. Miaka ikapita hivyo hivyo. Sikuwa nalia. Watu wa kanisa waliniuliza, mama hajambo? Nikajibu, hajambo. Na ni kweli, alikuwa hajambo, ila hakuwa wangu.

Kisha yaya akanipigia yeye, mchana, jambo ambalo halikuwa kawaida.

"Mama amepunguka," akasema. "Macho yanakataa. Anaanza kugawa nguo zake kwa bantu. Sikia, weye sema tu uliacha."

"Niache nini? Sijawahi kuonja hata bia, na nimekaa nchi ya bia! Kwenye harusi mimi nakunywa soda ya machungwa kama mtoto wa komunyo!"

"Najua. Kila muntu anajua. Ni yeye tu hajui. Muntu anayesema hakunywa, ataacha nini? Sema uliacha, atakuja kwenye simu."

Nilikasirika. Nashukuru hata kwa hasira ile, ilikuwa ya kwanza baada ya muda mrefu, lakini haikudumu hata kufika jioni. Nilitaka kitu kimoja tu: mama aje kwenye simu kabla hajafa. Ukweli nilikuwa nao miaka yote, na haukuwahi kuniita mwanangu.

Siku ya pili, wakati wa chakula, nilijifungia kwenye chumba cha mashuka pale kazini, nikapiga.

"Yaya, mwambie nimeacha."

Kandambili zikaenda. Zikakawia. Kisha nikasikia pumzi ya mtu anayeshika simu kwa mikono miwili.

"Mutoto."

"Mama."

"Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Tangu lini?"

Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. "Tangu Pasaka."

"Ulikuwa unakunywa sana?"

Niliangalia mashuka, yamekunjwa, yamepangwa mpaka juu. "Sana, mama."

"Nilijua," akasema, na sauti ikamvunjika. "Nilijua! Balinicheka bote, banasema maman huyu amezeeka, hasikii vizuri. Mimi nilijua mutoto yangu anaangamia."

Akalia. Alilia kwa furaha, akiniita kwa jina la utotoni ambalo yeye tu alilitumia, na mimi nikataka kulia naye. Nilingoja machozi kama mtu anayengoja kupiga chafya, uso juu, macho nimefumba. Hayakuja. Mwenzangu wa kazi akagonga mlango akitaka mataulo.

Jumapili iliyofuata mama alishikwa mkono akapelekwa mbele ya kanisa, akatoa ushuhuda. Yaya anasema alieleza kila kitu: Ulaya, baa, wazungu, muziki wa kulewa, maombi yake ya miaka. Watu walipiga makofi wamesimama. Sasa parokia nzima inajua nilivyokuwa mlevi na nilivyokombolewa, na kuna mamans wanaowapa binti zao mfano wangu. Nilipoambiwa nikasema, vizuri. Sikusikia kitu. Kila Jumamosi mama alikuwa anakuja mwenyewe kwenye simu, ananiuliza nimekula nini, na hilo ndilo nililonunua.

Jumamosi moja akaniambia wanawake wa kwaya wamemtembelea, wako uwanjani, na yaya ameongeza sauti ya simu wasikie wote.

"Imba," akasema. "Wimbo ya Mungu. Wasikie."

Nilikuwa nyumbani, dirishani, nimeshika kijiko. Nikaanza ule wimbo wa kufungulia ibada ambao mama alitufundisha tukiwa watoto. Ulitoka mwembamba, umenyooka, safi. Nikaenda chini kutafuta ile sauti yangu nyingine, pale ilipokuwa ikikaa siku zote, nikasukuma. Nikasukuma tena kwenye kiitikio. Hapakuwa na kitu. Ilikuwa sauti ya mtu yeyote. Nilifika mwisho wa ubeti nikaacha.

Halafu nikamsikia mama akiwageukia wenzake, kwa furaha ambayo sikuwahi kuisikia kwake tangu baba akiwa hai.

"Munasikia? Sauti imepona! Imepona kabisa!"

Wakapiga vigelegele uwanja mzima. Nikangoja wamalize.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Imepona."