Nyumba Isiyokunjwa

Enzi zetu mwaka ulijulikana kwa kilichokuwa chunguni. Huu ninaousimulia ni mwaka wa ugali wa njano, ule wa mahindi ya msaada, uliokuwa unanuka gunia na kukwama kooni. Wenzangu mlioula hapa Njombe mnanielewa. Wajukuu zangu leo chipsi zikikosa tomato wananuna mpaka jioni.

Katekista wetu akimaliza mafundisho ya komunyo alipenda kutuhadithia watu wa mbali, na mwaka ule alituletea Wamongolia. Watu wa nyika yenye baridi kuishinda ya kwetu, alisema, na sisi tuliokanyaga umande ulioganda kwa miguu mitupu tukatetemeka mara mbili. Wenyewe husema chimbuko lao ni mbwa mwitu wa kijivu na kulungu. Zamani walikuwa koo koo, wakiibiana farasi na wanawake, kisha wakaungana na mataifa yakawakimbia. Mtoto wao hupanda farasi meno hayajamaliza kuota. Hunywa maziwa ya farasi yaliyochacha kama ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Ukikanyaga kizingiti chao, umewatukana. Basi watoto wote tukawa tunaruka vizingiti kama mbuzi, mama anafoka, "Nyie, mmeingiwa na nini? Mtamwaga mboga!"

Mimi lakini kilichonitisha ni nyumba. Manyoya ya kondoo hulowekwa, hupigwa mpaka yanakuwa kama blanketi zito, hutandazwa juu ya fito. Majani yakiisha wanaikunja nyumba, wanaipakia juu ya ngamia, wanahama.

Nikauliza, "Na makaburi yao?"

"Yanabaki hukohuko," katekista akasema. "Majani yanaota."

Nyuma ya jiko letu alilala mdogo wangu Kostansia, aliyeondoka na surua. Kila Jumapili mama alipapalilia pale kwa mkono, bila jembe, kama anayemchana nywele.

Ugali wa njano haujaisha, baba akarudi kutoka mkutanoni. Hakuvua hata koti. "Tunahama. Amri ya serikali. Kijiji kipya, kando ya barabara ya Makambako. Wote."

Mwiko wa mama ulibaki hewani. Mimi nikaung'ang'ania mwimo wa mlango nikapiga kelele: "Sihami. Mimi siyo Mmongolia, nyumba yangu haikunjwi."

Baba akacheka, kisha kicheko kikamwishia usoni. "Hata mimi naogopa, mwanangu."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kama baba anaogopa, nani amebaki? Akaung'oa mlango, akajitwika, tukaondoka.

Nilipokuja kumtafuta Kostansia nimeshakuwa mama mtu, palikuwa na misonobari mitupu, mistari na mistari. Nililia nikizunguka kama kuku. Mama alikufa akiuliza kama nimepaona.

Sasa mwanangu wa Makambako, muuza vipuri, mtoto mzuri, nimemzaa mwenyewe, alinipigia: "Mama, Jumamosi naleta Fuso. Kwetu baridi ni nafuu, kuna umeme. Shamba limepata mtu, anataka kupanda parachichi."

Parachichi! Juu ya kaburi la baba yake!

Siku zile sikumeza chakula. Mjukuu, eti anichangamshe, akanionyesha Wamongolia kwenye simu, mashavu mekundu, wanakunja nyumba kupakia kwenye lori. "Bibi, mbona wazuri tu? Ulikuwa unaogopa nini?" Vijana wa leo, kila kitu kwao ni picha. Lakini akanisomea kwamba msimu ukigeuka wanarudi malishoni palepale, mwaka hadi mwaka. Utoto wangu wote niliwaogopa watu wanaorudi. Sisi wenye nyumba za matofali ndio hatukurudi.

Jumamosi honi ikalia. Mwanangu akashuka, akaja mpaka mlangoni. "Kamwene, mama. Uko tayari?"

Nikaushika mwimo wa mlango.

"Sihami. Mimi siyo Mmongolia, nyumba yangu haikunjwi."