Nukta Mbele ya Jina

Katika jengo la mafundi cherehani la Kimisagara, alikofanya kazi baba yangu, hakuna aliyemuuliza mwenzake anashona nini. Unaweza kumwomba mtu uzi, mkasi, hata nusu ya chakula chake cha mchana, lakini ukisimama nyuma ya bega lake wakati anachora shingo ya kanzu, umetafuta ugomvi. Shingo ndiyo kazi. Sehemu nyingine yote ya kanzu ni kitambaa cheupe na mishono iliyonyooka, mwanafunzi wa miezi sita anaiweza. Ile darizi inayoshuka kutoka kooni hadi kifuani ndiyo inayomfanya bwana harusi avuke mji mzima kukufuata. Kwa hiyo baba alichora kwa penseli akiwa amegeukia ukuta, na nakshi ikishaingia kwenye kompyuta ya mashine ya kudarizi, karatasi aliichoma. Babu naye, mtoto wa wafanyabiashara waliotoka pwani, alizichoma zake kwenye jiko la makaa.

Tuko wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kiume. Mimi nilipoolewa, baba alinidarizia mtandio ambao shangazi zangu wanauzungumzia mpaka leo. Shingo ya kanzu ya harusi ya mdogo wangu aliichora mapema, hata mchumba hajapata, kwa sababu macho yalikuwa yameanza kumsaliti. Daktari alisema ni presha ya macho na kwamba tumechelewa. Baba hakulia wala hakulalamika. Alikaa miezi minne juu ya shingo moja, akiisogelea karatasi mpaka pua ikawa inaigusa, na alipomaliza akaniambia, "Hii ndiyo ya mwisho kuchora. Ni ya mdogo wako. Hakuna shingo nyingine itakayoivaa." Hakumwonyesha mtu. Hata mimi hakunionyesha.

Kompyuta ya lile jengo ilikuwa ya wote. Ilikuwa imechoka, na mimi ndiye niliyeiwekea Linux kwa kuwa haina gharama na haihitaji mashine yenye nguvu. Kila fundi alikuwa na folda yake, na kila fundi alijua kufungua folda ya mwenzake. Alasiri moja baba alinisogezea kigoda.

"Mwana wanjye, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "humu ndani hakuna kufuli?"

Kufuli lipo, lakini baba alisahau kila neno la siri nililowahi kumpa. Nikamfundisha njia nyepesi. Weka nukta mbele ya jina la faili, nikamwambia, na jina hilo halitaonyeshwa kwenye orodha mpaka mtu aombe hasa kuyaona yaliyofichwa. Akajaribu. Faili ikatoweka mbele ya macho yake, akacheka mpaka akavua miwani. "Hii iko ndani kama mwali," akasema. "Haitoki nje mpaka siku ya ndoa." Tangu siku hiyo alikuwa akiweka ndani zile alizoziona bora. Sikujua ni ngapi, na kuuliza haikuwa adabu.

Mwaka jana mafundi walipata mashine mpya, na kompyuta ya zamani ikatafutiwa mnunuzi sokoni Nyabugogo. Ilibidi nakshi zihamishwe; mafundi wengine walikuwa wameshachukua zao, zikabaki za baba. Ningeweza kunakili folda nzima kwa amri moja na kwenda nyumbani. Mtu yeyote wa Muhima mwenye kibanda cha kompyuta angefanya hivyo. Lakini mashine mpya haikubali majina yanayozidi herufi nane, na baba aliziita nakshi zake kwa sentensi nzima: shingo ya yule kijana wa Muhima mwenye haraka, shingo ya mzee aliyeoa mara ya tatu. Na mimi kazi yangu ni kuandika programu kwa lugha ya C, kwa ajili ya vifaa vidogo visivyo na nafasi ya upuuzi. Nikaona hii saizi yangu. Nikaandika programu ya kusoma folda, kuchagua faili za darizi peke yake, kufupisha majina na kuzinakili.

Kuchagua ndiko kulikoniua. Katika C kuna kazi moja ya zamani, kipande cha programu kilicho tayari, iitwayo fnmatch. Unaipa ruwaza, yaani umbo la jina unalotafuta, na jina lenyewe, nayo inakujibu kama vinalingana. Ndani ya ruwaza, alama ya kuuliza inasimama badala ya herufi moja, yoyote ile. Mabano ya mraba yanabeba herufi unazozikubali. Nyota inasimama badala ya chochote, kirefu au kifupi, hata patupu. Ukiandika *.dst umesema nipe kila jina linaloishia hivyo, na ndivyo zinavyoishia faili za darizi. Nilimweleza baba haya yote huku naandika, naye akasikiliza akichezea kifungo cha shati.

"Basi nyota ni mgeni asiyechagua chakula," akasema.

Nikamwambia ndiyo, umepatia. Hata hapo nilikuwa nimekosea.

Nilipoijaribu programu mara ya kwanza ilinizolea takataka. Wateja huja na flashi zao, na kompyuta za aina fulani huacha humo faili vivuli: jina ni lile lile la nakshi, limewekewa nukta na kistari cha chini mbele, nalo linaishia dst kama mengine, lakini ndani hamna hata tundu moja la sindano. Mashine ikipewa faili ya namna hiyo inakwama. Sasa fnmatch ina bendera, swichi unayoiwasha ukitaka, inayoitwa FNM_PERIOD. Usipoiweka, nyota inameza kila kitu. Ukiiweka, nyota inakatazwa kugusa nukta iliyo mwanzoni mwa jina. Nukta hiyo lazima uiandike wewe mwenyewe kwenye ruwaza. Niliiweka. Haikuja yenyewe, wala hakuna aliyenilazimisha. Niliiandika kwa vidole vyangu, nikaona vivuli vyote vimetoweka, nikajisifu.

Sheria ile naijua tangu chuoni. Nimewahi kumfokea mwenzangu kazini kwa kuisahau. Na mbinu ya kuficha kwa nukta nilimfundisha baba mimi, mimi mwenyewe, kwenye kigoda kile kile. Mambo mawili niliyoyajua vizuri yaliishi kichwani mwangu kama wapangaji wa ua mmoja wasiosalimiana. Watu wananiambia mganga hajigangi. Wananionea huruma tu. Mganga angalau hajinyweshi sumu.

Programu ilimaliza, ikaandika kwamba imenakili faili mia mbili na kumi na nne.

"Baba, zako zote ziko ngapi?"

"Za kutosha, alhamdulillahi."

Kwake yeye, kutaja kwa sauti idadi ya ulichojaliwa ni kumwita hasidi aje ale. Nilimjua hivyo tangu utotoni. Hata sisi watoto wake hakutuhesabu mbele za wageni. Sikumbana. Namba ilikuwa kubwa, nikaiamini.

"Sasa futa huko kwa zamani," akaniambia. "Futa sawasawa. Hii inaenda Nyabugogo, na kule kila mtu ni fundi. Usimwachie mtu hata uzi."

Nami sikufuta tu. Ufutaji wa kawaida unaondoa jina na kukiacha kitu chenyewe palepale, na mjuzi anaweza kukirudisha. Nikaiagiza disiki ijazwe sifuri kutoka mwanzo wake hadi mwisho. Ilichukua saa nne. Baba alikaa nami muda wote huo ili nisichoke peke yangu, na akatuma tuletewe sambusa.

Miezi miwili baadaye mdogo wangu akaleta habari ya ndoa. Baba wakati huo alikuwa anaona mwanga na vivuli vya watu, basi. Alifurahi mpaka akapoteza fimbo yake mwenyewe chumbani. Kesho yake nilimshika mkono tukashuka Kimisagara pamoja, akakaa karibu na mashine mpya, akaniambia, "Nifungulie ile ya mdogo wako."

Nikateremsha orodha. Nikairudia kutoka juu.

"Iko ndani," akanikumbusha kwa upole. "Zile za nukta."

Nilielewa yote kwa mara moja, nyota, bendera, vivuli, sifuri, sambusa.

"Umeiona?"

"Ipo, Baba."

Hayo ndiyo niliyomwambia. Alikuwa hatua moja kutoka kwangu, uso ameuelekeza dirishani, anatabasamu. Ningeweza kusema kweli hapo hapo, na kweli ingekuwa bado ndogo. Nikasema ipo.

Mnunuzi wa Nyabugogo alikuwa bado hajaiuza ile kompyuta. Nilimsihi anipe disiki kwa siku moja, nikapanda nayo Muhima kwa fundi anayesifika kwa kurudisha vilivyopotea. Aliichungulia kwa muda mrefu.

"Disiki iko mzima, dada," akasema. "Lakini ndani hakuna kitu. Iko sifuri tu, sifuri, sifuri. Ni nani alifuta hii?"

"Mimi."

"Ulifanya kazi safi sana." Kisha akaniangalia usoni, akaongeza neno tunalopeana misibani, "Ihangane."

Nilimwambia mdogo wangu nje ya jengo, tumesimama kando ya mtaro. Akapangusa uso kwa kiganja. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. "Dada, mzee haoni," akasema. "Chukua yoyote nzuri katika zile zilizobaki, uibadilishe kidogo. Atajuaje?" Anampenda baba kuliko ninavyoweza kueleza. Alichotaka ni mzee afike siku ya ndoa akiwa na furaha yake nzima, nami nilikuwa nimeshasema uongo wa kwanza, na wa kwanza ndio mzito. Nikakubali.

Nilijaribu kwanza kumdodosa baba ili nichore upya kwa maneno yake. Nikamuuliza kama mzaha alikusudia nini pale kifuani, ua au jani. Akacheka. "Si unayo mbele yako? Tazama." Sikuthubutu kuuliza tena. Nikachukua shingo ya yule kijana mwenye haraka, nikageuza upande wa juu, nikaongeza safu moja ya viduara vya uzi, nikaiingiza mashineni siku ya Ijumaa saa saba mchana, baba akiwa msikitini. Nilichagua saa hiyo kwa sababu angekuwepo angeijua kwa masikio. Alikuwa na uwezo wa kusikiliza mashine ya jirani ikipiga na kukuambia sindano imefika kwenye kona.

Zikabaki siku tisa. Kila siku aliniuliza.

"Imetoka vizuri?"

"Imetoka vizuri, Baba."

"Ule mkunjo wa kushoto, uzi haukukatika?"

"Haukukatika."

"Na pale inapojirudia chini? Paliniumiza kichwa mwezi mzima pale."

"Pamekaa sawa."

Hivyo ndivyo nilivyopata kuijua nakshi ile. Ilikuwa na mkunjo upande wa kushoto, na chini kulikuwa na mahali inapojirudia. Nilikuwa naiitikia kipande kimoja kimoja kama mtu aliyeiona, na usiku nilikuwa najaribu kuvipanga vipande hivyo kichwani, na havikukaa. Nimelia juu ya kitu nisichokijua sura. Sidhani kama kuna upumbavu unaozidi huo.

Siku ya ndoa, baada ya kutoka msikitini, watu walijaa uani kwetu. Mdogo wangu akaja moja kwa moja kwa baba kupokea dua. Mimi nilikuwa nimemshika baba kiwiko. Wanawake nyuma yetu walikuwa wanaimba, mtu mmoja akisema, "Mungu ampe nguvu mzee, tazameni shingo ile," na kweli ilikuwa shingo nzuri, ingemtosha bwana harusi mwingine yeyote.

Baba akamwekea mikono mabegani. Kisha mkono wa kulia ukateleza ukafika kooni, na vidole vikaanza kushuka. Vilikwenda taratibu. Vilifika kifuani, vikarudi juu, vikashuka tena, safari hii upande wa kushoto, vikasimama. Mdogo wangu alikuwa anatazama chini. Vidole vikaenda pembeni kidogo kwenye kitambaa kitupu, vikapapasa pale pasipo na kitu, vikarudi. Nilitamani aondoe mkono. Hakuuondoa. Alitafuta kwa muda ambao kila mgeni aliuona kuwa ni mapenzi ya mzazi, na wengine wakaanza kufuta machozi.

Alipomaliza alimbusu mdogo wangu kwenye paji la uso, akamsomea dua yake mpaka mwisho bila kuruka neno. Kisha akanigeukia mimi, mdomo karibu na sikio langu.

"Iko wapi?"

"Niliifuta, Baba."

Akageuza uso upande wa nyimbo.

"Piga vigelegele," akasema. "Watu wanatutazama."

Nikapiga.