Macho Yaliyozoea Mananasi

Jumanne nilimsindikiza mwenzangu wa zamani wa kiwanda cha mananasi kwa kliniki ya macho hapa Thika. Daktari alimkalisha mbele ya mashine. "Mama, angalia hapa katikati tu. Ukiona taa pembeni, bonyeza. Usisogeze macho."

Akayasogeza. Kila taa aliifuata kushoto na kulia, vile tulivyofuata mananasi kwenye mkanda unaosonga tukitoa yaliyooza, miaka ishirini. Walirudia mara tatu ndipo ikajulikana ni glakoma, ile presha ya macho, na pembeni karibu haoni tena.

Daktari alikunja ngumi, akabana kamba ya beji yake nyuma ya ngumi hiyo, akaigeuza mpaka kamba ikakaza. "Ngumi ni jicho, na hii kamba ni neva inayopeleka picha kwa ubongo. Jicho likigeuka sana, inavutwa. Watafiti wanashuku kwamba jicho likiwa na presha, huko kuvutwa kunaiumiza zaidi."

"Woi! Kwa hivyo ni mananasi yameniharibia macho?"

"Hilo siwezi kusema. Tunachotibu ni presha, na ungekuja mapema tungeokoa mengi. Kwani kazini hamkuwa mnapimwa macho?"

Mwenzangu alipapasa hewani mpaka akapata mkono wangu. "Kila mwaka, daktari. Na sikuwahi kukosea herufi hata moja."

Nilitazama sakafu. Kiwandani ukishindwa na ile chati ya herufi ulitolewa kwa kazi ya mkanda, kwa hivyo tulisaidiana: anayeona vizuri alitangulia kwenye foleni, kisha akamnong'onezea herufi aliye nyuma yake.

Aliyekuwa akimtangulia ni mimi.