Dubwana Lililolala Ipole

Kwa miaka mingi nimekana kwamba niliamini dubwana la sinema lilimla baba yangu. Nimesoma chuo kikuu, nafundisha watu wazima kutofautisha hadithi na habari, ningekubalije? Lakini niliamini, na si utotoni tu.

Enzi za Mwingereza, gari la sinema lilipofika Tabora baada ya mavuno, shuka jeupe lilitundikwa uwanjani. Wanaume na wavulana walikaa mbele. Sisi wasichana na mama zetu tulikaa nyuma ya shuka, tukiona picha kinyume, kushoto kukiwa kulia, tukitafuna karanga. Kwa kawaida tulionyeshwa vyoo safi na ng'ombe wakiogeshwa. Jioni moja likatokea dubwana la manyoya, kubwa kuliko treni. Tulipiga mayowe, tukafumba macho, na lilipoondoka tukaomba lirudi.

Kabla halijauawa, jenereta ikazima. Mfasiri, ambaye nadhani Kiingereza chake hakikuzidi cha bibi yangu, hakutaka turudi nyumbani bila mwisho. Akatutangazia kwamba dubwana limekwenda kulala msitu wa Ipole.

Wiki hiyohiyo baba alikwenda Ipole kurina asali. Hakurudi.

Mama aliendelea kumwekea ugali, kisha akaacha. Bibi alituambia tusiulize. Mtoto wa fundi cherehani, jirani yetu, ndiye aliyenitangazia mbele ya watu kisimani: "Baba yako yuko kwenye mkonge Tanga, na mwanamke wa Tura."

"Baba yangu kaliwa na dubwana," nikamjibu. "Wako hata fisi hamtaki."

Wenzangu walinipisha nichote maji kwanza. Binti wa mtu aliyeliwa alikuwa na hadhi yake. Binti wa mtu aliyekimbia hakuwa na chochote. Nikalipenda dubwana lile. Lilikuwa na njaa, basi. Mtu aliyeliwa hakuchagua kutuacha.

Gari lilikuja tena, na vyoo vyake tu. Siku hizi uwanja ule ni maghala. Bibi tumemzika, mama tumemzika, wote hawakusema neno.

Mwezi uliopita mdogo wangu, aliyekuwa bado mgongoni baba alipoondoka, alinipigia simu kutoka Korogwe, Tanga. Kazi za reli zilimpeleka huko. Ameoneshwa kaburi la mzee, akasema, na amekula chakula kwa mjane wake na watoto watatu.



"Dada, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Yule binti yao mkubwa. Baba alimpa jina lako."