Paka Aliyekaa Uzazi

Nilipoacha shule darasa la tatu nilikuwa nabeba mikungu ya ndizi kichwani kutoka Kirua Vunjo hadi Himo, na shingo yangu haijanyooka mpaka leo. Kwa hiyo ndizi nazijua. Ukiziponda na nyama zikawa mtori, zinamnenepesha hata mwenye huzuni. Ndiyo maana mkwe wangu alipojifungua, mke wangu alimpikia mtori kila siku, kama desturi yetu inavyotaka.

Mkwe alibaki mwembamba. Aliyenenepa ni paka wangu dume. Akitembea hatua tano anakaa chini kuhema. Nikampakia kwenye kikapu, nikampeleka kwa daktari wa mifugo.

"Mzee, huyu anakula nini?"

"Panya."

"Panya hao nionyeshe na mimi. Moyo wake umechoka. Akiendelea hivi hamalizi mwaka."

Niliposimulia nyumbani, mkwe akainama. "Baba, nisamehe. Mtori ulinishinda siku ya nne. Nikaona aibu kumwambia mama, nikawa nausukuma chini ya kitanda."

Mke wangu akamtazama paka. "Basi na yeye tumchinjie mbuzi wa uzazi."

Nikampa paka dagaa watatu wa kuchemsha, bila chumvi, kama daktari alivyoagiza. Akawanusa, akanitazama kama mtu aliyedhulumiwa. Kwa jirani, ng'ambo ya ua wa masale, kulikuwa na mzazi wa wiki moja. Paka akainuka, akapenya kwenye masale taratibu, tumbo likiburura majani, na hakurudi tena.